Wanatudhamini kombe, halafu wanatupa asilimia

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni katibu wa kamati ya kombe la kata, huku Newala. Kila mwaka tunacheza mwezi wa nane, timu 16, kabla watu hawajazama kwenye kuokota korosho. Mwaka huu kampuni moja ya kubeti imetuma kijana wake. Wanatoa jezi seti 16, mipira, na shilingi milioni 3. Wanataka kombe libebe jina lao, na wakala wao aweke meza pembeni ya uwanja siku za mechi. Kamati imegawanyika. Wapo wanaosema serikali imeruhusu, Simba na Yanga wamevaa, sisi ni nani tukatae? Shehe wetu, ambaye ndiye mlezi wa mashindano, amesema jina hilo likipanda kwenye kombe yeye hakanyagi uwanjani. Kijana wetu mwingine anasema hata Marekani wenye ligi walipinga kubeti miaka mingi, wakaenda hadi mahakamani, halafu wakageuka wenyewe. Nani mkweli hapo? Ungekuwa wewe ungepokea? Halafu kuna kipengele kwamba kamati itapewa namba yake, kila atakayejisajili kwa namba hiyo sisi tunapata asilimia. Hicho ndicho kimewavutia wengi.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeuliza mambo matatu kwa sauti, la nne umelichomeka mwishoni kama la kujazia karatasi. Hilo la nne ndilo swali lenyewe. Lakini ngoja nianze na kijana wenu wa Marekani, kwa sababu kasoma kweli, na alichosoma kinafika mpaka kwenye hiyo meza ya wakala pembeni ya uwanja wenu.

Mwaka 1992 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuyazuia majimbo yasiruhusu kubeti michezo. Nevada na mengine matatu yaliyokuwa na utaratibu wao tangu zamani yakaachwa. Aliyeibeba sheria ile alikuwa Bill Bradley, seneta wa New Jersey, ambaye kabla ya siasa alikuwa mchezaji wa mpira wa kikapu wa New York Knicks. Wenye ligi walimuunga mkono, na hofu yao haikuwa ya kubuni. Mwaka 1919 wachezaji wa Chicago White Sox walikula fedha za wacheza kamari ili wapoteze fainali ya besiboli. Mwaka 1989 Pete Rose, jina kubwa kuliko mengi katika mchezo huo, alifungiwa kwa kubeti mechi za timu aliyokuwa akiifundisha mwenyewe. Mtu aliyekulia kwenye hadithi hizo lazima aione kamari kama mchwa kwenye nguzo ya nyumba.

Ajabu ni kwamba jimbo lilelile la Bradley ndilo lililokuja kuichimba sheria yake. Kasino za Atlantic City zilikuwa zinadhoofika, wananchi wakapiga kura mwaka 2011 kuruhusu kubeti, na mwaka 2012 ligi kubwa nne pamoja na chama cha michezo ya vyuo zikakimbilia mahakamani kuzuia. Kesi ikavutana karibu miaka sita. Tarehe 14 Mei 2018 Mahakama ya Juu ikaifuta sheria ya 1992. Watu wengi hukosea kuusoma uamuzi huo. Majaji hawakusema kubeti ni jambo jema. Walisema Bunge la taifa haliwezi kuyaamuru majimbo yatunge au yasitunge sheria gani. Likitaka kuzuia, lizuie lenyewe. Baada ya hapo majimbo yakafungua mlango moja baada ya jingine, na leo yamepita 35.

Sasa angalia kalenda. Novemba 2014, kesi ikiwa bado mbichi na ligi yake ikiwa miongoni mwa walalamikaji, Adam Silver, kamishna wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu, aliandika katika gazeti la New York Times akitaka kubeti kuruhusiwe na kusimamiwa. Mwezi huohuo NBA ikachukua hisa katika FanDuel, kampuni ambayo wakati ule iliendesha mashindano ya kupanga vikosi vya kubuni kwa fedha. Mahakamani wanasema hapana, sokoni wanatafuta kiti. Mwanzoni mwa 2018, hukumu haijatoka, NBA ikaanza kuyaomba majimbo asilimia 1 ya kila dau litakalowekwa kwenye mechi zake, mtu ashinde au apoteze. Wakaiita ada ya kulinda uadilifu. Mabunge ya majimbo yakagoma. Julai mwaka huo NBA ikasaini na MGM, kampuni ya kasino. NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, iliyokuwa kali kuliko wote, ikaja kuwapokea Caesars, DraftKings na FanDuel, kampuni tatu za kamari, kwa mpigo mwaka 2021. Ile asilimia iliyokataliwa mlangoni ikaingilia dirishani: ligi zikauza takwimu rasmi za mechi kwa makampuni yanayozipeleka kwa wachezesha kamari, na zikapata hisa humohumo. NBA ilipata hisa Sportradar, NFL ikapata hisa Genius Sports.

Nani mkweli? Walipopinga, kamari ilikuwa inawagharimu na haiwaingizii kitu. Walipounga mkono, ilikuwa inawaingizia. Sioni haja ya kutafuta sababu ndefu zaidi ya hiyo.

Lakini usiwaone ni wanafiki watupu, maana hoja yao ina mashiko. Wanasema kamari ipo tu, iwe gizani au mwangani, na ikiwa mwangani mwizi anaonekana. Ushahidi wanao. Machi 2024 Jontay Porter, mchezaji wa akiba wa Toronto Raptors, alitoka uwanjani baada ya dakika tatu akidai anaumwa. Kabla ya hapo alikuwa amemdokeza mcheza kamari kuhusu afya yake. Mtu mmoja akaweka dola 80,000 kwamba Porter hatafikisha takwimu zake, apate dola milioni 1.1. Kampuni ikashtuka na malipo yakazuiwa. Uchunguzi ukaonyesha kuwa alikuwa akibeti na yeye mwenyewe, na mwezi uliofuata akafungiwa maisha. Kwa kamari ya uchochoroni asingejulikana kamwe.

Sawa. Ila dau lenyewe lilitoka wapi? Nani aliamua kwamba pointi za mchezaji wa mwisho benchi, mwenye mkataba mdogo kuliko wa wenzake, ziwe bidhaa? Uchochoroni kusingekuwa na dau la namna hiyo. Lilipatikana kwa sababu kampuni zinataka vitu vingi vya kubetia na ligi zinauza takwimu nyingi. Baada ya Porter, ligi na kampuni zikakubaliana kuyaondoa madau ya kwamba mchezaji wa mkataba mdogo hatafikisha kiasi fulani. Kwa maneno mengine, wamekiri kwamba mtu wa kununulika ni yule anayelipwa kidogo. Shika hapo, nitarudi.

Sasa hili la "serikali imeruhusu". Ni kweli. Ipo Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, ipo Bodi inayotoa leseni, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Lakini lugha yetu inatuchezea. Sheria inasema michezo ya kubahatisha. Kampuni zinasema kubashiri, utadhani ni kazi ya watu wa hali ya hewa. Vijana wanasema kubeti. Shehe wenu anasema kamari, na Al-Maida aya ya 90 iko upande wake. Kitu ni kilekile, majina manne, na kila jina limebeba mtu wake. Halafu tuna neno "halali" ambalo linafanya kazi mbili kwa mshahara mmoja: mwanakamati anasema "ni halali" akimaanisha hapelekwi polisi, shehe anasikia "ni halali" kana kwamba mtu kabadilisha dini. Ndiyo maana kikao chenu kinagombana bila kusikilizana. Kwenye kikao kijacho mkatazeni kila mtu kutumia neno hilo. Semeni "inaruhusiwa kisheria" basi. Mtaona nusu ya ugomvi umekwisha.

Na kuruhusiwa si kulazimishwa. Hata bia inaruhusiwa, lakini hamjaweka kaunta golini.

Hoja ya Simba na Yanga nayo nimeizoea. Tangu 2017 klabu hizo zimevaa majina ya kampuni za kubeti kifuani, na fedha ile imelipa mishahara ya watu, siwezi kuidharau. Mwaka huohuo Everton walikuja Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia, Wayne Rooney akafunga, Uwanja wa Taifa ukalipuka. Mdhamini wa Gor Mahia na wa Everton alikuwa mmoja, SportPesa. Ilikuwa sherehe. Sasa waulize Wakenya kilichofuata. Januari 2018, serikali yao ilipopandisha kodi ya kamari hadi asilimia 35, SportPesa ikafuta udhamini wa michezo ya ndani. Baadaye ikarudi. Agosti 2019, baada ya ugomvi wa kodi na leseni, ikaondoka tena. Gor Mahia na AFC Leopards, klabu zenye mashabiki kuliko zote Kenya, zikabaki zinatafuta nauli. Ligi ilikuwa imeweka mayai kwenye kikapu ambacho mpini wake ameushika waziri wa fedha.

Waingereza nao wameanza kuona haya, ingawa haya zao zina mipaka. Aprili 2023 klabu za Ligi Kuu yao zilikubaliana kuondoa majina ya kamari kifuani ifikapo mwisho wa msimu wa 2025/26. Kifuani tu. Mikononi na kwenye mabango ya uwanjani hawakugusa. Na Mei 2023 Ivan Toney wa Brentford alifungiwa miezi minane kwa makosa 232 ya kubeti, huku jezi ya klabu yake ikiwa na jina la Hollywoodbets, kampuni ya kubeti. Mchezaji akigusa anafungiwa, klabu ikigusa inapiga picha ya kusaini. Huo ndio mgongano wenyewe, huhitaji profesa akueleze.

Kanuni za maadili za FIFA zinawakataza wachezaji, waamuzi na viongozi wa mpira kubeti mechi za mpira, na zinawakataza vilevile kuwa na maslahi kwa wanaoendesha kubeti huko. Liweke hilo kichwani tunapofika kwenye namba yenu.

Kabla ya hapo nikusimulie kitu. Msimu mmoja, Ndanda, timu ya Mtwara, ikiwa bado Ligi Kuu, nilikwenda uwanja wake wa Nangwanda Sijaona kama mtazamaji tu, nimekaa jukwaani na kofia yangu. Mbele yangu alikaa kijana mwenye simu mbili, moja imebanwa sikioni, nyingine mkononi, dole gumba halitulii. Uwanja mzima ukisimama kwa kona, yeye anabonyeza. Kadi ya njano, anabonyeza. Mpira ukitoka nje, anabonyeza kabla mshika kibendera hajanyanyua mkono. Goli likaingia, watu wakakumbatiana, mama mmoja akamwagia jirani uji wa kwenye chupa, yule kijana hata hakutabasamu, alibonyeza. Mapumziko nikampa karanga, nikamuuliza ni mwandishi wa redio gani. Akacheka. Akaniambia bila kificho kwamba analipwa kwa mechi. Anatuma kila tukio kwa watu walio nje, nao wanauza kwa wanaochezesha kamari. Nchi gani? Hajui. Anajua tu fedha huingia kwenye simu Jumanne.

Nilirudi nyumbani Mtwara mjini nikiwa nimenyamaza. Siku zile nilikuwa namfahamu beki wa timu nyingine ya huku kusini, timu siitaji, hajalipwa miezi minne, anaazima viatu. Mtu wa jukwaani anayetazama mpira analipwa kila Jumanne, mtu wa uwanjani anayeucheza halipwi. Siku yule wa jukwaani au bosi wake akimpigia simu huyu wa uwanjani, bei ya kona moja ya makusudi itakuwa shilingi ngapi?

Usiniambie mechi za kata hazina mtu wa kununua. Mwaka 2016 TFF ilizishusha daraja timu nne za Daraja la Kwanza kwa kupanga matokeo: Geita ilimfunga JKT Kanembwa 8-0, Polisi Tabora ikamfunga JKT Oljoro 7-0, timu mbili zikigombea nafasi moja ya kupanda. Sababu pale ilikuwa kupanda daraja, hakukuhitajika kampuni yoyote ya kubeti. Maana yake ugonjwa tunao wenyewe tayari. Kamari inaleta mnunuzi mwingine tu, mwenye fedha ya haraka zaidi.

Haya, tufike kwenye asilimia. Na kwanza tufahamu kampuni inakula wapi, kwa sababu vijana wengi wanadhani inakula pale timu yao inapofungwa.

Chukua mechi moja kwenye mkeka, yaani ile karatasi ya kubeti. Tuseme mwenyeji kapewa 2.10, sare 3.10, mgeni 3.40. Gawanya 1 kwa kila namba, utapata asilimia 47.6, 32.3 na 29.4. Jumlisha: 109.3. Lakini mechi ina asilimia 100 tu za kutokea. Hizo 9 na kidogo zilizozidi ndizo pango la kampuni, yaani fungu lake. Kwenye mechi moja, kati ya kila shilingi 1,000 zinazowekwa, wachezaji kwa wastani wanarudishiwa kama 915. Si mbaya sana, utasema. Sasa vijana wetu hawabeti mechi moja. Wanaunganisha mechi 10 kwenye mkeka mmoja, kwa shilingi 500, wakiota milioni. Lile pango linajizidisha lenyewe mara 10. Kati ya kila 1,000 kinachorudi kwa wachezaji wote kwa wastani kinabaki kama 410. Na kwenye hizo bado kodi ya ushindi inakatwa kabla hela haijagusa simu. Halafu mtu anasema Arsenal kamchania mkeka! Mkeka ulishachanwa kabla Arsenal hawajavaa viatu. Ndiyo maana kampuni zinapenda sana mikeka mirefu na jakipoti. Kindege cha kwenye simu na dubwi, ile mashine ya sarafu, sizungumzii, maana huko hakuna hata mpira wa kusingizia.

Sasa hiyo asilimia yenu ni asilimia ya nini? Mwulize kijana wa kampuni, asikujibu kwa mdomo, akuonyeshe kwenye karatasi. Mara nyingi mikataba ya namna hiyo ninayoletewa nisome haikulipi kwa kichwa kilichojisajili peke yake. Inakulipa sehemu ya "mapato halisi" ya kampuni kutoka kwa watu wako. Mapato halisi ni kilichobaki baada ya washindi kulipwa. Kwa Kiswahili cha Newala: ni walichopoteza. Mkulima wa Kitangari akishinda, hesabu ya kamati inashuka. Akipoteza, inapanda. Na akiacha kabisa kucheza, mnapata sifuri. Kwa hiyo katibu wa kombe, ambaye kazi yake ni kuwaleta watu pamoja uwanjani, anakuwa na sababu ya kifedha ya kutaka jirani zake wapoteze mara nyingi na wasiache.

Hiyo ndiyo asilimia 1 ya NBA, mwanangu, imekuja na pikipiki hadi kwenye kata yenu. Tofauti ni kwamba NBA hawamjui anayepoteza. Ninyi mnamjua, mnamjua na mkewe, mnajua na ada ya mtoto ambayo haijalipwa.

Halafu jiulize kwa nini wamekuja mwezi wa nane. Mwezi wa nane kata nzima haina hela. Watu wana madeni, wanakopa kausha damu, wanasubiri. Milioni 3 inaonekana mlima. Lakini minada inaanza Oktoba. Fedha za stakabadhi ghalani zikishaingia kwenye akaunti na kwenye simu, mkulima aliyejisajili Agosti kwa namba ya kamati, akapewa na dau la bure la kuonja, tayari anajua njia. Sikukaa nao kwenye kikao chao, nasoma kalenda tu, na mtu anayejua kilimo cha korosho angeichagua tarehe hiyohiyo.

Kuna jambo la waamuzi na wachezaji. Namba ya kamati haitabaki kwa kamati. Mweka hazina atamtumia shemeji yake, nahodha ataisambaza kwenye kundi la timu, mwamuzi mwenye leseni ataiweka kwenye picha yake ya simu apate chochote. Nilikwambia kanuni zinasemaje kuhusu maslahi. Kijana akija kuitwa na timu ya juu (Namungo wako hapo Ruangwa tu, nao walianza chini hadi wakacheza Kombe la Shirikisho Afrika), hutaki jina lake liwe limeshaandikwa mahali pabaya.

Ungekuwa wewe, umeuliza. Asilimia nakataa, hata kamati nzima inipigie kura ya kunitoa. Hiyo haina mjadala kwangu. Meza ya wakala nakataa pia: uwanja wa kata umejaa watoto, na leseni ya kampuni si lazima iwe leseni ya kuchezesha pale mlipoweka benchi, mwambie akuletee karatasi ya Bodi inayotaja kituo hicho, uone atakavyoanza kukohoa.

Jezi zinanipa shida zaidi. Uingereza jezi za saizi ya watoto haziuzwi zikiwa na jina la kampuni ya kamari. Huku kwetu, wiki mbili zilizopita nilikuwa Mikindani, nimeona mtoto wa darasa la pili amevaa jezi ya timu kubwa, imemfika magotini, na kifuani limeandikwa jina la duka ambalo kisheria haruhusiwi kuingia kwa miaka kumi ijayo. Alikuwa anafukuza tairi. Kama mtapokea jezi, zije bila jina, au jina liwe mgongoni kwa udogo, na timu za chini ya miaka 18 zisivae kabisa. Wakisema bila jina kifuani hawatoi, ni haki yao, ni biashara.

Tubaki na milioni 3 kwa ajili ya jina la kombe. Gawanya kwa timu 16: ni 187,500 kwa timu. Hiyo ndiyo bei waliyoweka juu ya jina lenu, na kwa bei hiyo mnampoteza mlezi aliyekaa na mashindano haya tangu mwanzo. Mimi nisingeuza. Ila nakiri kamati nyingine yenye shida kuliko yenu inaweza kuuza jina, ikakataa asilimia na meza, na nisiwalaani. Udhamini wa fedha taslimu, unaolipwa wote kabla ya mechi ya kwanza, usiopanda wala kushuka kwa kadiri watu wanavyocheza, ni bango. Bango linavumilika. Asilimia ni ubia.

Na kama wakikubali kila sharti lenu ila wakang'ang'ania asilimia ibaki, mtakuwa mmeshajua walifuata nini.

Hizo 187,500 zitafutwe kwingine. Newala kuna AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, kuna wenye malori wanaosubiri msimu kama ninyi, kuna maduka ya pembejeo. Duka moja likidhamini timu mbili kwa jezi, mnahitaji maduka manane, na hapo hamjabisha hodi kwa mwenye mashine ya kubangulia. Omba vitu kabla ya fedha: maji ya kunywa, bendeji, nauli ya waamuzi. Posho ya mwamuzi msiikope hata siku moja. Mwamuzi anayedai ndiye Porter wenu.

Shehe mwiteni kwenye kikao cha kusoma mkataba, siyo kikao cha kumlainisha. Asome na yeye hicho kipengele cha asilimia kwa sauti, mbele ya wale kiliowavutia. Na mkataba huo upige picha kurasa zote, zaidi zile za nyuma zenye maandishi madogo, unitumie kabla ya droo.